Nataka kazi yangu iwe kuboresha huduma ya dharura kwa watoto. Nianzie wapi?

"Shikamoo Daktari. Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa. Nina miaka minne kazini, na zaidi ya nusu ya muda huo nimekuwa idara ya dharura. Miezi michache iliyopita aliletwa mtoto wa miezi saba mwenye homa na kuharisha. Alikaa benchi na mama yake, kimya kabisa, mpaka namba yao ilipoitwa. Alipofika mezani kwangu alikuwa hajitambui, na usiku uleule akafariki. Tulikaa kikao na hatukuona aliyekosea. Tangu siku hiyo nataka kazi yangu iwe kurekebisha namna tunavyowapokea watoto. Wenzangu wananivunja moyo: wanasema mambo ya ubora ni ya watu wa makaratasi, bila vifaa sitabadilisha kitu, bila ubingwa hakuna atakayenisikiliza, na mwisho nitasahau hata kutibu. Je, mtu anaweza kweli kujenga maisha ya kazi hapa? Na akitaka, aanzie wapi?"

Marahaba, daktari mwenzangu, na pole kwa mtoto yule.

Barua yako ina maswali mawili. La wazi ni la kazi: je, mtu anaweza kuishi na kupanda cheo kwa kuboresha huduma ya dharura kwa watoto, na bado akabaki daktari? La pili hukuliuliza moja kwa moja, ila limo katika kila mstari: kama hakuna aliyekosea, ni kitu gani hasa cha kurekebisha? Naanza na hilo la pili, maana ukilijibu vibaya utajenga kazi nzima juu ya msingi mbovu.

Hakuna daktari anayeweza kukuambia kwa barua kama mtoto yule angepona. Ninachoweza kukuambia ni kwamba foleni ile ilifanya kazi jinsi ilivyopangwa. Aliyetangulia kufika alitangulia kuonwa, kila mtu akatimiza wajibu wake, na mtoto akapotea katikati ya watu waliotimiza wajibu. Kikao chenu kilipoona hakuna aliyekosea kikafunga faili. Mtu wa kazi unayoitaka angelifungua hapohapo, kwa sababu kosa lisilo na mwenyewe hujirudia zamu yoyote, awepo daktari hodari au asiwepo.

Kwa nini foleni humuumiza mtoto kuliko mtu mzima? Jibu limo mwilini mwake. Mtoto mchanga hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima kwa kila kilo ya uzito, na akiba aliyo nayo mapafuni ni ndogo. Akiba ya sukari kwenye ini nayo ni ndogo, kwa hiyo saa chache za homa kali bila kunyonya zinaweza kuiangusha sukari ya damu. Akipungukiwa maji, moyo huongeza mapigo na mishipa ya mikono na miguu hujikaza, hivyo presha hubaki nzuri kwa muda mrefu na kumtuliza anayepima. Ikija kuanguka, mtoto yuko ukingoni. Tena moyo wa mtoto kwa kawaida hausimami ghafla kwa ugonjwa wa moyo wenyewe kama wa mtu mzima. Husimama baada ya pumzi au mzunguko wa damu kuharibika kwanza, na uharibifu huo huwa na dalili ambazo mtu angeziona, kama angekuwepo wa kutazama.

Na hapa sauti hutudanganya. Mtoto anayelia kwa nguvu ana hewa ya kulilia na fahamu za kulalamikia, na sote tunageuka kumtazama. Aliyelegea kifuani mwa mama hamsumbui mtu. Mama mwenyewe anaweza kushukuru kwamba hatimaye amelala. Benchi ambalo hakuna anayelipitia kwa macho hutanguliza wenye nguvu.

Unajua kwamba watoto wengi wanaofia hospitalini hufa ndani ya saa 24 za kwanza tangu wafike. Kwa ajili yao Shirika la Afya Duniani lilitengeneza utaratibu unaoitwa kwa kifupi ETAT, ambao huwagawa watoto katika makundi matatu mara wanapofika: wenye dalili za hatari hutibiwa papo hapo, wenye dalili za kipaumbele hupelekwa mbele ya foleni, na wasio na haraka husubiri. Dalili za hatari ni chache: njia ya hewa iliyoziba, pumzi inayohangaika au midomo ya bluu, mikono ya baridi na mapigo dhaifu ya haraka, kupoteza fahamu, degedege, na kuharisha kulikomkausha mtoto maji. Mwenye jicho lililozoea haimchukui hata dakika moja kuzipitia.

Jambo ninalolipenda zaidi katika utaratibu huo ni kwamba haukumwachia daktari peke yake. Unasema waziwazi kwamba mlinzi wa getini, karani wa mapokezi na mfanya usafi wafundishwe kutambua dalili za hatari na kujua wampeleke wapi mtoto mwenye nazo, kwa kuwa wao humwona kabla yetu. Nimeona idara ambayo mabadiliko yake makubwa yalianza na mlinzi aliyeambiwa maneno mawili: ukimwona mtoto aliyelegea, usimwandikishe, mlete.

Je, inasaidia kweli? Pale Blantyre, Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Elizabeth Molyneux na wenzake walipanga upya mahali pa kuwapokea watoto: wakaweka triaji, yaani kuwapanga watoto kwa uzito wa hali zao mara wanapofika, wakafundisha wahudumu, wakabadilisha njia ya mgonjwa kutoka mlangoni hadi wodini. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2006, vifo vya watoto waliolazwa vilikuwa asilimia 10 hadi 18 kabla ya mabadiliko, na asilimia 6 hadi 8 baada yake. Huo ni ulinganisho wa kabla na baada, na mambo mengine huweza kubadilika katika kipindi hichohicho, kwa hiyo usiunukuu kama hirizi. Hata hivyo ni kazi iliyofanyika katika hospitali yenye wagonjwa wengi na wahudumu wachache, na inatosha kumjibu anayekuambia kwamba bila mashine mpya hakuna kinachowezekana.

Hilo la vifaa nisilipite haraka, kwa sababu wenzako hawasemi uongo. Bila oksijeni, bila kipimo cha sukari, bila mfuko wa kupumulishia wenye barakoa ya saizi ya mtoto mchanga, kuna watoto hutawaokoa hata ukiwaona sekunde ya kwanza. Ila kabla hujaandika barua ya kuomba vifaa, fanya zoezi moja. Simama mlangoni na saa mkononi, ufuatane na mtoto mmoja mwenye degedege, kwa ruhusa ya mkuu wa idara na ya mzazi, na uandike kila kituo: amefika, ameandikishwa, ameonwa na muuguzi, amepimwa uzito, dawa imeagizwa, dawa imetolewa kabatini, dawa imeingia mwilini. Usitoe maoni, andika dakika tu. Utagundua kwamba dawa ilikuwepo, lakini ufunguo wa kabati uko mfukoni mwa muuguzi kiongozi ambaye yuko wodi nyingine. Mtungi wa oksijeni upo na umejaa, spana ya kuufungulia ndiyo haionekani. Mizani ipo, ila imewekwa kliniki ya chanjo, na bila uzito hakuna anayethubutu kukokotoa dozi. Hayo hayahitaji bajeti. Yanahitaji mtu mmoja ayaone kama kazi yake.

Uzito huo wenyewe unaweza kukushughulisha mwaka mzima. Dawa ya mtu mzima mara nyingi ina kipimo kimoja unachokijua kwa moyo, lakini ya mtoto hukokotolewa kwa kilo, saa nane za usiku, mama akilia pembeni, na nukta ya desimali ikihama kidogo tu mtoto anapata mara kumi ya dozi yake. Ndiyo maana daktari James Broselow wa Marekani alibuni utepe wa kumpima mtoto urefu, wenye rangi zinazoonyesha uzito unaokadiriwa na dozi zake. Unapokuwepo muda wa kupima, mizani ni bora, na kilo pekee ndizo ziandikwe kwenye faili. Jedwali la dozi zilizokwisha kukokotolewa, likabandikwa pale dawa zinapochanganywiwa, ni mradi mdogo mzuri wa kuanzia.

Sasa neno la tahadhari, na ningependa ulibebe miaka yote ya kazi yako. Ubora hauna maana ya kufanya haraka kila kitu tunachodhani ni kizuri. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu. Kwa miaka mingi sote tulifundishwa kuwapa dripu ya haraka. Ndani ya saa 48, karibu asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya haraka walifariki, dhidi ya asilimia 7.3 ya waliopewa maji taratibu. Watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo, kwa hiyo usimnyime maji mtoto aliyekauka kwa sababu ya utafiti huu. Lakini fikiria daktari mwenye bidii ambaye miaka hiyo angejipima kwa swali moja tu, "je, tumewapa maji haraka?" Namba zake zingependeza huku watoto wakiumia. Ndiyo maana kila kipimo cha mwendo wa huduma lazima kiambatane na kipimo cha matokeo kwa mtoto, na kingine cha kuangalia kama umeharibu jambo jingine. Ukiwavusha watoto mahututi mbele, je, wale wa kipaumbele sasa wanasubiri hadi wanakuwa mahututi? Namba za makundi hayo mawili zikae ukurasa mmoja.

Unapopima, pima kidogo na usiache. Chagua jambo moja: kwa mfano, dakika kati ya mtoto kufika na mtu yeyote mwenye mafunzo kumtazama. Chukua watoto wachache kila wiki, bila kuchagua unaowapenda, na uzipange dakika zao kutoka ndogo hadi kubwa, utumie ile ya katikati badala ya wastani, kwa sababu mtoto mmoja aliyesahauliwa saa tano ataupotosha wastani. Weka nukta kwenye karatasi ya grafu, wiki kwa wiki. Kwanza pima bila kubadilisha chochote, ili ujue mlipo. Kisha jaribu badiliko moja, na zamu moja iliyo tayari, kwa siku chache. Wakikuambia halifai, warekebishe wao. Nukta moja iliyoshuka usiishangilie. Nukta sita au zaidi mfululizo zikikaa chini ya mstari wa kati wa zamani, hapo kuna kilichobadilika. Makaratasi wanayoyasema wenzako ni yale yanayojazwa kwa ajili ya mkaguzi na kupelekwa kabatini. Grafu iliyobandikwa ukutani ambako wauguzi wanakunywa chai ni kitu kingine kabisa.

Usiandike jina la mtu kwenye grafu hiyo. Muuguzi akiadhibiwa mara moja kwa dakika ulizoandika, kesho yake muda wote utakaoandikwa kwenye faili utakuwa mzuri na wa uongo, na hutapata ukweli tena pale.

Wengi pia hudhani semina ndiyo tiba. Semina inasaidia, lakini ujuzi wa kupumulisha mtoto hupungua ndani ya miezi michache usipotumiwa. Mazoezi ya dakika kumi, kwenye chumba chenyewe, kwa kabati na ufunguo wenyewe, mara kwa mara, hufundisha zaidi ya siku tatu ukumbini, na hufichua yale ya spana na mizani kabla mtoto hajayafichua.

Sasa kazi yako. Je, kuna nafasi? Ipo. Nchini Marekani, ambako mpango wa serikali wa huduma za dharura kwa watoto ulianzishwa kwa sheria mwaka 1984, tathmini ya mwaka 2013 ya zaidi ya idara 4,000 za dharura iliipa idara ya katikati alama karibu 69 kati ya 100 kwa utayari wa kuhudumia watoto. Idara zilizokuwa na daktari na muuguzi waliokabidhiwa rasmi masuala ya watoto zilifanya vizuri kuliko zile zisizokuwa nao. Soma hilo vizuri: hata palipo na mashine nyingi, kukosekana kwa mtu mwenye dhamana kunaonekana kwenye namba. Mtu huyo si lazima awe bingwa. Lazima awe na muda uliotengwa, na mkuu anayempokea anapoleta tatizo.

Kuhusu ubingwa nitakuwa mkweli. Unaweza kuanza kesho bila huo, na ukienda masomoni ukiwa tayari una swali na grafu utasoma kwa macho tofauti. Lakini ukitaka kuongoza nje ya idara yako, kuandika miongozo, au kukaa meza moja na wakuu wa wodi, ubingwa wa watoto au wa tiba ya dharura utakufungulia milango ambayo bidii peke yake huigonga kwa miaka. Shahada ya afya ya jamii au ya epidemiolojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyoenea, itakupa takwimu na njia ya kubuni utafiti, ila haitakufundisha kumtambua mtoto anayeelekea kuzimika, na ukiichukua mapema mno hatari ni kuishia ofisini. Ushauri wangu: ubingwa kwanza kama njia ipo, takwimu baadaye au pembeni, na mradi mmoja mdogo usiokoma katikati ya yote mawili. Utawala acha mpaka utakapokuwa umeona kitu kikibadilika kwa mikono yako.

Hofu ya kusahau kutibu ina msingi. Nimewajua madaktari waliohamia ubora moja kwa moja, na baada ya miaka michache mapendekezo yao yakawa ya mtu asiyejua chumba kinavyonuka usiku wa manane. Baki na zamu, hata kama ni chache. Wauguzi hukusikiliza kwa sababu jana mlihangaika pamoja na mtoto mmoja.

Yapo ya kuumiza, uyajue mapema. Mtoto aliyeokolewa na foleni iliyorekebishwa hana habari kwamba aliokolewa, na hakuna mzazi atakayerudi kukushukuru. Kamati za kupandisha vyeo huhesabu machapisho, na mradi uliofanikiwa lakini haukuandikwa hauhesabiki. Mkuu mpya akija, mnaweza kurudi nyuma miezi mingi. Kwa hiyo andika tangu mwanzo. Ukiona dalili kwamba utataka kuchapisha, nenda kwenye kamati ya maadili kabla hujakusanya taarifa ya mgonjwa wa kwanza, maana ruhusa ya nyuma hupatikana kwa shida au haipatikani kabisa.

Kuna mambo mawili ambayo barua haitoshi. La kwanza ni mlezi wa kazi. Mtafute mtu aliyewahi kubadilisha kitu katika idara halisi, umpelekee ile karatasi yako ya dakika kutoka mlangoni hadi dawa, mkae nayo mezani. Asiwe bosi wako wa moja kwa moja, ili uweze kumwambia ukweli kuhusu bosi wako.

La pili ni wewe mwenyewe. Umeandika "tangu siku hiyo". Huzuni baada ya kifo cha mtoto ni ya kawaida, na kuigeuza kuwa kazi ni jambo la heshima. Lakini kama hulali, kama unamwona yule mtoto kila unapolipita benchi, kama umeanza kuwakwepa watoto au kuwaagizia vipimo vingi kwa woga, au kama pombe na dawa za usingizi zimeanza kukusaidia kumaliza siku, tafuta mwanasaikolojia au daktari wa afya ya akili wiki hii, ana kwa ana. Na ikifika mahali unafikiria kujidhuru, usisubiri miadi: mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na uende naye idara ya dharura kama mgonjwa mwingine yeyote. Mradi wa foleni unaweza kuanza mwezi ujao bila hasara yoyote.